Gemu ya Dakika Ishirini Isiyokwisha: Kifo, Pango na Ramani Isiyojirudia

Jiwe nilikuwa nalo mkononi. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa levo ya tatu ya machimbo katika Spelunky, gemu ya kompyuta ya kushuka mapangoni, mioyo ya uhai mitatu imebaki kati ya minne, mabomu matano kibindoni, na mkononi jiwe la kawaida, lile linalookotwa popote. Popo akanijia kutoka juu. Nikamrushia jiwe, likampata, akafa. Nikajiona fundi. Nikaruka kwenda ukingo wa chini, na palepale lile tofali la mtego, ambalo nilikuwa nimeliona tangu naingia, likatema mshale. Mioyo miwili ikaenda. Mshale ukanisukuma hewani, nikaanguka chali nikiwa nimezimia, siwezi hata kushika kamba, na chini kulikuwa na miiba. Miiba haihesabu mioyo.

Yote hayo yalichukua sekunde mbili, na safari nzima ikafutika. Hakuna kurudi levo ya tatu, hakuna mahali nilipohifadhi mchezo. Nikabonyeza kitufe nikaanza tena juu kabisa: mioyo minne, mabomu manne, kamba nne. Na pango halikuwa lile nililofia.

Mtu asiyezijua gemu hizi akikukuta hapo atakuuliza swali la haki kabisa: raha iko wapi? Umecheza, umefika, umenyang'anywa kila kitu, na hata ramani uliyoanza kuizoea imechanwa. Halafu unaanza tena, ukitabasamu. Kwa macho ya mpita njia huo ni ugonjwa.

Si ugonjwa, ila fundo lake lina nyuzi kadhaa zilizosokotwa pamoja: kufa kusiko na marejeo, ufupi wa safari, ramani inayoundwa upya kila mara, na mwili wa mchezaji unaoendeshwa kwa kuruka na kudandia. Watu wakizizungumzia gemu hizi hukimbilia kifo, ama kukisifu ama kukilaani. Mimi naona kifo kinabebeshwa sifa isiyo yake. Kazi nzito inafanywa na ramani.

Kichwa cha Rogue, miguu ya Donkey Kong

Mwaka 1980 Michael Toy na Glenn Wichman, wakiwa Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, walitengeneza gemu iitwayo Rogue. Baadaye akaungana nao Ken Arnold wa Berkeley, yule aliyeandika maktaba ya programu ya curses iliyowezesha kupanga herufi popote kwenye kioo cha kompyuta. Gemu yote ilikuwa herufi tu. Wewe ulikuwa alama ya @, majini yalikuwa herufi kubwa kuanzia A hadi Z, na kazi yako ilikuwa kushuka shimoni, kuipata hirizi ya Yendor na kupanda nayo ukiwa hai. Walitaka gemu ambayo hata wao walioiandika ingewashangaza, kwa hiyo shimo lilichorwa upya kila safari. Mchezo uliweza kuhifadhiwa, lakini ukifungua faili lako linafutwa. Ilikuwa ruhusa ya kupumzika, si ruhusa ya kurudia.

Jambo moja kuhusu Rogue husahaulika: ilikwenda kwa zamu. Ukipiga hatua moja, jini linapiga hatua moja. Ukikwama unaweza kuiacha kompyuta, ukaenda kula, ukarudi ukalikuta jini limekusubiri vilevile. Ukifa, umefia akili yako. Vidole havikuhusika.

Upande wa pili kulikuwa na gemu za kuruka. Donkey Kong ya Nintendo ilitoka 1981, na majukwaa yake na ngazi zake yalikuwa palepale leo na kesho. Gemu ya aina hiyo unaikariri kama wimbo: hapa ruka, pale subiri, sasa panda. Ukiwa fundi kabisa unaweza kuicheza huku unawaza mambo mengine.

Derek Yu alizikutanisha familia hizi mbili. Spelunky yake ya kwanza ilitoka bure mwaka 2008 kwa kompyuta za Windows, akiwa ameitengeneza kwa programu ya GameMaker. Mwaka 2012 yeye na Andy Hull wakaitoa upya kwenye mashine ya michezo ya Xbox 360 ikiwa na picha safi zaidi, na Spelunky 2 ikafuata mwaka 2020. Kuna kichekesho kidogo hapa: mwaka uleule wa 2008, watengenezaji waliokutana Berlin waliandika orodha ya sifa za gemu za ukoo wa Rogue, na mojawapo ya sifa kuu ilikuwa kwenda kwa zamu. Wino haujakauka, Spelunky ikaitupa sifa hiyo nje na kubaki na nyingine. Ndani yake popo hakusubiri ule kwanza.

Ndiyo maana kifo cha Spelunky kina ladha tofauti na cha Rogue. Hapa unaweza kufa kwa uamuzi mbaya, au kwa kidole kizito, na mara nyingi kwa vyote viwili vikishikana mikono, kama mimi na jiwe langu. Uamuzi ulikuwa mbaya, na kuruka kwangu kulikuwa kwa pupa. Ningekosea kimoja tu ningekuwa hai.

Pango linavyochorwa

Watu husema ramani ya Spelunky ni ya bahati nasibu. Ingekuwa hivyo kweli, gemu isingechezeka. Hebu fikiria programu inayomwaga udongo na mashimo ovyo: nusu ya safari zingeishia kwenye chumba kisicho na mlango. Kinachofanyika ni cha werevu zaidi, na ukikielewa unacheza vizuri zaidi siku hiyohiyo.

Levo moja ya kawaida ni vyumba 16, safu nne zenye vyumba vinne vinne. Kila chumba kina miraba 10 kwa upana na 8 kwa kimo. Programu inaanza kwa kuchagua chumba kimoja cha safu ya juu. Hapo ndipo utakapoingilia. Kisha inarusha dadu yenye namba 1 hadi 5. Ikitoka 1 au 2, njia inakwenda kushoto. Ikitoka 3 au 4, inakwenda kulia. Ikitoka 5, inashuka. Ikigonga ukuta wa pembeni, inashuka vilevile. Inaendelea hivyo hadi safu ya mwisho, na pale inapotaka kushuka tena ikakosa pa kushukia, hapo unawekwa mlango wa kutokea.

Mpaka hapo hakuna hata tofali moja. Kuna njia tu, kama mtu aliyechora kwa kidole kwenye mchanga. Sasa kila chumba kilichopitiwa kinapewa aina yake. Kipo chenye uwazi kushoto na kulia. Kipo ambacho juu ya hayo sakafu yake imetobolewa ili ushuke. Kipo chenye uwazi juu ili kimpokee anayeshuka. Vile ambavyo njia haikuvigusa ni vyumba vya pembeni, na hivyo havikuahidi lolote: vinaweza kuwa wazi, vinaweza kuwa vimezibwa pande zote. Vitatu au vinne vya pembeni vikitokea kupangana wima, kuna uwezekano vigeuke kuwa shimo refu la nyoka.

Kisha ndipo michoro inaingia. Kwa kila aina ya chumba kuna michoro michache iliyochorwa na mkono wa binadamu, si na mashine. Programu inachukua mmoja, na ndani ya mchoro huo kuna sehemu zilizoachwa kwa bahati: mraba huu pengine udongo pengine hewa, pale pawekwe kipande cha miraba 5 kwa 3 kutoka kwenye akiba. Mwisho kabisa inapita juu ya kila mraba ikigawa popo, buibui, mitego, dhahabu na vito.

Yapo mambo mawili ya kushika hapo. Kwanza, daima kuna njia ya kufika mlangoni bila kutumia bomu wala kamba. Daima. Ukijikuta umetumia mabomu matatu kwenye levo moja, ujue hukulazimishwa. Ulichagua, na mara nyingi aliyechagua ni tamaa. Pili, kwa sababu michoro ya vyumba si mingi isiyo na kikomo, mkongwe akiona nusu ya chumba anaijua nusu ya pili. Levo hajawahi kuiona, lakini vipande vyake amekutana navyo mara mia. Ni sawa na kusikiliza mtu akizungumza: maneno yote unayajua, sentensi ndiyo hujawahi kuisikia.

Hapo ndipo kauli ya kwamba ukifa umepoteza kila kitu inapoanza kuvuja. Gemu imefuta dhahabu, mabomu na ramani. Vyote hivyo vilikuwa ndani ya mashine. Kilichokuwa kichwani mwako hakikuguswa, na kwa kuwa ramani haijirudii, kilichobaki kichwani ni kile tu chenye manufaa popote. Huwezi kukumbuka kwamba kuna nyoka nyuma ya mtungi wa tatu, kwa sababu mtungi wa tatu haupo tena. Unakumbuka kwamba mitungi huwa na nyoka. Ramani ingekuwa ileile, kifo kingekuwa adhabu ya kukariri, na adhabu ya namna hiyo inachosha upesi.

Mtego usiomjua mtu

Yote hayo yana maana ikiwa sheria za ndani hazibadiliki. Na katika Spelunky hazibadiliki hata kidogo, hadi inaudhi. Mtego wa mshale haukutafuti wewe. Unafyatua kwa chochote kinachopita mbele yake. Popo akikatiza, mshale umekwenda. Ukirusha mtungi, mshale umekwenda, na mtego huo haupigi mara ya pili. Ndiyo maana jiwe lile lilikuwa ufunguo, si silaha. Popo ningeweza kumchapa mjeledi. Mtego ulihitaji jiwe. Nilitumia ufunguo kumpigia mbu.

Miiba vilevile. Ukiiangukia umekufa hata ungekuwa na mioyo 20. Lakini ukiwa sakafuni unaweza kutembea katikati yake taratibu kama unapita kwenye majani. Mchezaji mgeni huizunguka miiba kwa kuruka juu yake, jambo ambalo ndilo hasa linaloua. Nilicheza muda mrefu kabla ya kuligundua hilo, na niliona aibu.

Na kuna mwenye duka. Ni mzee wa heshima zake, ana bidhaa zake, ana shotgani yake. Usipomgusa hakugusi. Siku moja niliona dhahabu imenasa kwenye udongo karibu na ukuta wa duka, nikatega bomu, nikasogea pembeni nikiwa nimetulia. Mlipuko ukachukua dhahabu, udongo, na tofali moja la ukuta wake. Kwa mzee yule hakuna cha bahati mbaya. Alitoka akiruka huku na huku anafyatua, na nilikufa kabla sijaamua nikimbilie wapi. Na hata kama nisingekufa, wenzake wa levo zilizofuata wangekuwa tayari wananingoja mlangoni wakiwa na bunduki zao. Kosa moja kwa jirani linaweza kukufuata hadi mwisho wa safari.

Kuna vifo vya dhulma? Vipo vichache, sitadanganya. Levo za giza wakati mwingine hukupa kitu ambacho hata mkongwe asingekiona kwa wakati. Ila ukijizoesha kurudisha mkanda nyuma hatua tatu kabla ya kifo, utashangaa ni mara ngapi hukumu inakuangukia wewe. Si hatua moja, tatu. Hatua ya mwisho kabla ya kifo karibu kila mara haikuepukika: mshale ulishatoka, mwili ulishazimia. Kosa lilikaa huko nyuma, kwenye jiwe lililorushwa wakati haukuwa wakati wake. Anayetazama hatua ya mwisho tu atasema gemu imemwonea, na atarudia kosa lilelile kesho.

Hesabu inayokatisha tamaa, kisha inayotia moyo

Kuna jambo linalowavunja watu moyo mapema, na ni la hesabu tupu. Njia ya kawaida ya Spelunky ina levo 16: machimbo, msitu, mapango ya barafu na hekalu, kila eneo levo nne, ya mwisho ikiwa ya bosi, yaani adui mkuu. Tuseme kwa kurahisisha kwamba levo zote zina ugumu mmoja, na wewe unavuka kila moja mara 8 kati ya 10. Unajiona uko vizuri. Kufika mwisho unahitaji kuvuka zote 16 mfululizo, yaani 0.8 izidishwe yenyewe mara 16. Jibu ni karibu asilimia 2.8. Safari 100, unashinda kama tatu.

Sasa jifunze kidogo tu. Panda kutoka 8 hadi 9 kati ya 10. Kwa macho mabadiliko hayaonekani. Bado unakufa, bado unatukana. Lakini nafasi ya kumaliza imeruka hadi asilimia 18 na ushei. Fika asilimia 95 kwa kila levo, na sasa unamaliza safari 44 katika kila 100. Ukifika 99, ni 85.

Ndiyo maana wachezaji wengi husimulia hadithi ileile: wiki nzima hakuna kitu, wiki ya pili hakuna kitu, halafu ndani ya siku tatu anashinda mara mbili. Akili inamwambia alipata bahati. Hakupata bahati. Alikuwa anapanda muda wote, ila kufa kusiko na marejeo kunaficha maendeleo madogo kwa sababu kunapima mnyororo mzima na si pingili moja moja. Gemu yenye kuhifadhi mchezo hufanya kinyume chake: ukivuka levo kwa bahati mara moja katika majaribio 50, inakuandikia umevuka, na hutaiona tena. Unaweza kuimaliza bila kuijua hata levo moja vizuri.

Hapo utaona pia kwa nini mioyo minne ipo. Mchezo wa pigo moja ungeikaza hesabu hiyo hadi isichezeke. Mioyo inakuruhusu kukosea kidogo na kujua umekosea, na bado uwe hai kulifanyia kazi somo hilo. Ni miiba, mzee wa duka na wenzao wachache tu walionyimwa adabu hiyo.

Ufupi ni nyongeza ya lazima, na hauhitaji maneno mengi. Chukua sheria hizihizi uzitie kwenye gemu ya saa 60 na utakuwa umetengeneza ukatili. Hapa safari nzima ni kama dakika 20 au 30, na mgeni anayefia machimboni hupoteza dakika mbili. Kitufe kimoja, yuko juu tena, hasira haijapata hata nafasi ya kukaa. Kifo ni bei, na bei hii inalipika.

Bei hiyo pia ndiyo inayovipa vitu uzito. Bomu katika gemu yenye kuhifadhi ni kitu cha kuchezea tu. Ukilipoteza bure unarudi nyuma. Hapa kila bomu ni swali. Lakini angalia usianguke upande wa pili, ambako mimi niliishi miezi: nilikuwa nakufa na mabomu tisa kibindoni. Nilijiita mwangalifu. Kumbe nilikuwa bahili. Bomu moja lingenichimbia njia nisipite chini ya buibui yule aliyeniua.

Wanaobeba na wasiobeba

Si kila gemu ya ukoo huu inafuta kila kitu. Rogue Legacy ya Cellar Door Games ya mwaka 2013 inakufanya ufe na kurithiwa na mtoto wako. Dhahabu uliyokusanya inajenga ngome ya familia, na mrithi anaingia akiwa na nguvu kuliko mzazi. Dead Cells, iliyotengenezwa na Motion Twin wa Bordeaux, Ufaransa, na kutoka rasmi mwaka 2018, inakuruhusu kutumia seli ulizokusanya kufungulia silaha na uwezo wa kudumu kati ya levo na levo. Ukifa hujazitumia, zimekwenda.

Nimezicheza na nimezipenda. Lakini nina lalamiko moja nazo, na sitalimung'unya: ukishinda hujui nani ameshinda. Ni mikono yako iliyozoea, au ni mhusika aliyeongezewa nguvu mara 30? Mara nyingi ni vyote, na hakuna namna ya kuvitenganisha. Spelunky na Downwell hazikupi mashaka hayo. Anayeshuka mara ya 500 ana vitu vilevile alivyokuwa navyo mara ya kwanza. Tofauti yoyote iliyopo ni mchezaji mwenyewe.

Downwell inastahili maneno mawili matatu kwa sababu imeyakamua haya yote hadi yakabaki mafuta matupu. Ojiro Fumoto aliitoa mwaka 2015. Unatumbukia kisimani, basi. Viatu vyako ni bunduki: ukibonyeza kuruka ukiwa hewani, vinapiga risasi chini na kukupunguzia kasi ya kuanguka. Unaanza na risasi nane, na zinajaa tena ukitua au ukimkanyaga adui. Kutua kunakupa usalama, lakini kunakata hesabu ya maadui uliowaua mfululizo bila kugusa ardhi, na hesabu hiyo ina zawadi. Kwa hiyo kila sekunde unajiuliza nitue au nisitue, kwa vitufe vitatu. Mtu akitaka kuonja ukoo huu bila kusoma mambo mengi, ningemwanzisha hapo.

Spelunky yenyewe ina mwanya mmoja. Kuna mchimba mahandaki unayemkuta kati ya eneo na eneo. Akishapewa anachotaka, anakufungulia njia ya mkato, na safari nyingine unaweza kuanzia msituni au kwenye barafu moja kwa moja. Wapya huiona kama huruma. Jaribu uone. Unafika kwenye barafu na mabomu manne, kamba nne, mfukoni senti haipo, wakati aliyepita machimboni na msituni kwa miguu yake amefika na viatu, kofia, silaha na mabomu mara mbili yako. Njia ya mkato ni chuo cha kujifunzia eneo usilolijua. Kushinda kwa kupitia humo ni kugumu zaidi kuliko kuanzia juu.

Na tangu toleo la kompyuta la mwaka 2013 kuna changamoto ya siku. Ramani ya kubahatisha huzaliwa kutokana na namba moja inayoitwa mbegu. Mbegu ikiwa moja, ramani ni moja. Changamoto huwapa wachezaji wote wa siku hiyo mbegu ileile, na kila mmoja anapewa jaribio moja tu. Wote mnaingia pango moja ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Hapo visingizio vinaisha: mtego ulioniua levo ya kwanza, wengine wameupita.

Mzimu

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo ninalopambana nalo sasa hivi. Ukiisoma makala hii hadi hapa unaweza kujiuliza: kama kosa ni pupa, kwa nini nisitembee polepole tu, nikitupa jiwe kila kona? Derek Yu alilijua swali hilo. Katika toleo la 2012, ukikaa levo moja dakika mbili na nusu, muziki unabadilika na mzimu unaingia. Hauuliki. Unapita kwenye kuta kama hazipo. Unakuja taratibu, moja kwa moja, na ukikugusa hakuna mioyo ya kuhesabu. Polepole ina kikomo chake, na kikomo hicho ni kipana kiasi cha kukutosha kufikiri lakini si kiasi cha kuokota kila kitu.

Halafu wawinda alama wakagundua kwamba mzimu ukipita juu ya kito, kito hicho kinageuka kuwa almasi. Basi wanausubiri. Wanaviacha vito chini makusudi, wanasimama pembeni hadi muda ufike, kisha wanauongoza kwa kukimbia kwao, upite hapa, ukatize pale, wanarudi kuokota nyuma yake. Saa iliyowekwa ili kuwafukuza wameifanya mtumishi.

Juzi nikajaribu kwa mara ya kwanza. Levo ya pili ya machimbo, zumaridi moja kwenye kona ya chini, mlango nimeshauona, njia nimeisafisha. Mzimu ukaja, nikauvuta kuelekea kona, ukapita juu ya kito, kikawaka. Nikauzunguka kwa kupanda kamba na kushuka upande wa pili. Uko nyuma yangu, umbali wa kutosha. Nikairukia almasi bila kuutazama mtungi uliokuwa kando yake, nikaugonga kwa mjeledi kwa mazoea tu, na nyoka akatoka. Moyo mmoja, si kitu. Lakini aliniyumbisha nyuma hatua moja, na mzimu ulikuwa umeshafika hatua hiyo.